Baada ya kilomita ya 30

Jumapili, jioni.

Ijumaa, kwenye gazeti letu, tulimuaga msanifu kurasa mwingine. Kwenye hotuba, mkubwa wetu mmoja alinigeukia mbele ya watu akasema, "Wewe unakimbia marathoni, wewe utavumilia." Watu wakacheka, nami nikacheka. Leo asubuhi, katikati ya mazoezi marefu, nikajikuta bado namjibu kimoyomoyo.

Maana anayezungumza hivyo hajawahi kufika kilomita ya 32 akiwa ameishiwa nguvu. Ule ukuta ambao wakimbiaji huusimulia hauna uhusiano mkubwa na ujasiri. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kwa mtu wa kawaida akiba hiyo inakaribia kalori 2,000. Kilomita 42.195 zinadai zaidi ya hapo. Ndiyo sababu kati ya kilomita ya 30 na ya 35 miguu hugeuka magogo, na mtu aliyekuwa akipiga porojo njia nzima anakuwa bubu. Mafuta ya mwilini yapo tele, lakini kuyachoma ni kazi ya polepole, hayawezi kukupa ile kasi uliyoanza nayo. Jihimize utakavyo, jitukane ukipenda. Wanga hauji kwa kukemewa. Na deni lenyewe ulilikopa zamani, kwenye kilomita 10 za mwanzo ulipojiona mwepesi kama unyoya, ukavipita vituo vya maji kwa sababu hukuwa na kiu.

Sasa tazama magazeti. Kwa miongo mingi yaliishi kwa matangazo, hasa yale madogo madogo: nyumba inapangishwa, gari linauzwa, nafasi za kazi. Msomaji alilipa sehemu tu ya gharama. Sehemu kubwa ya mshahara wa mwandishi ilitoka kwa mwenye nyumba aliyetafuta mpangaji. Matangazo hayo yakahamia kwenye intaneti, makubwa nayo yakafuata, akiba ikaisha. Lakini karibu kila mkutano wa wafanyakazi niliowahi kukaa umezungumzia moyo. Tujitume. Tushikamane. Tukaze mkanda, ambao kwa kweli tundu zake zimekwisha. Ni mara chache nimesikia mtu akiuliza tule nini kwenye kilomita ya 7, kabla njaa haijatukuta.

Wapo waliouliza. The New York Times walipoanza kuwatoza wasomaji wa mtandaoni mwaka 2011, wengi waliona wanajitia kitanzi, kwa kuwa watu walishazoea habari za bure. Leo wana zaidi ya milioni 10 wanaolipia. Najua gazeti dogo halina jina lile wala mtaji ule, na anayetuambia tuwaige tu anatupotezea muda. Nakumbusha tu kwamba wao walianza kula wakiwa bado wana nguvu ya kutafuna.

Halafu uvumilivu ukitajwa, lazima John Stephen Akhwari atajwe. Mexico City, Olimpiki ya 1968, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mtanzania huyo akaanguka, akaumia goti, akafungwa bendeji, akamaliza wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Namheshimu sana. Ninachochoka nacho ni kuona habari yake ikikatwa palepale, kana kwamba kazi yake duniani ilikuwa kuchechemea. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza wa tano. Alikuwa mkimbiaji stadi aliyekutwa na siku mbaya, na hakuifanya siku hiyo kuwa mtindo wa kukimbia.

Mbio hizohizo za Mexico alikuwamo Abebe Bikila, bingwa wa Roma 1960, alikokimbia pekupeku, na wa Tokyo 1964. Mguu ulikuwa na jeraha, akajitoa kabla hajafika nusu ya njia. Walianza watu 75. 18 hawakumaliza, naye akiwa mmojawapo, na sijamsikia mtu akimwita mlegevu. Wenzangu walioacha kalamu wakaenda kufundisha au kuyaandikia mashirika nawaweka upande wa Bikila. Mmoja wao aliniambia anaona haya kukutana nasi. Sioni haya hiyo ni ya nini.

Kuna mahali ambapo marathoni hainisaidii kabisa, na hapo ndipo mkubwa wetu aliponiudhi. Mbioni kila kilomita ina kibao. Ukifika 35 unajua zimebaki saba na ushee, unazigawa vipande vipande: mpaka kwa mkimbiaji huyu, mpaka kwa yule, mpaka kwenye kona ile. Katika kazi yetu nani aliyeweka vibao? Hali yetu inafanana zaidi na ya wakimbiaji wa zamani: Athens 1896 walikimbia kama kilomita 40, London 1908 ndiyo ikaleta 42.195, Stockholm 1912 ikarudi kwenye 40 na kidogo, Antwerp 1920 ikavuka 42.7. Urefu ulikuja kuwekwa rasmi mwaka 1921. Ila hata wale, siku ya mbio, walijua uwanja uko wapi. Kumwambia mtu avumilie bila kumwambia mpaka wapi ni kumtwisha tu.

Wakimbiaji wa mbio ndefu zaidi ya hizi zangu wana desturi nzuri. Kabla ya kuanza wanaandika ni jambo gani likitokea watajitoa, kwa sababu kichwa kilichochoka hakiaminiki: kitakuambia uache wakati unaweza, au uendelee wakati mfupa umeshapasuka. Leo mchana nimeandika yangu.

Mshahara ukichelewa, naendelea. Dawati letu likiunganishwa na jingine, naendelea, nitanung'unika tu. Wakiniondolea usiku mmoja wa mapumziko kwa wiki, nauliza kwa maandishi, na jibu lao ndilo litakaloamua. Wakitaka nipitishe habari ambayo hakuna mtu aliyempigia simu hata mhusika mmoja, nakabidhi kitambulisho siku hiyohiyo.

Nimemsomea mume wangu. Akauliza kwa nini sikuweka tarehe. Nikamwambia tarehe wataiweka wao. Akaichukua karatasi, akaongeza mstari kwa mwandiko wake: nikikosa usingizi mwezi mzima, aulizwe yeye, nisiulizwe mimi. Nimeuacha.