Jumamosi kando ya ziwa Hoàn Kiếm

Wiki nzima nimefundisha Kiingereza hapa Hanoi mpaka sauti ikakauka. Jana jioni nikasema liwalo na liwe, madaftari yatasahihishwa kesho, nikashuka ziwani.

Wikendi barabara zinazozunguka Hoàn Kiếm hufungwa, hakuna gari wala pikipiki. Kwa mji uliojaa pikipiki kama siafu, utulivu ule ni neema! Watoto wanakimbia, akina mama wanacheza dansi, nami nimekaa na kikombe cha kahawa ya yai. Ndiyo, yai: kiini kinapigwa pamoja na maziwa mazito matamu hadi kiumuke povu, kisha kinamwagwa juu ya kahawa kali. Mara ya kwanza nilisita, sasa siipitishi wiki bila hiyo.

Mara nikasikia, “Cô ơi! Cô ơi!” Mwanafunzi wangu, na bibi yake. “Cô” ndivyo wanavyomwita mwalimu wa kike, na neno hilohilo ni shangazi. Bibi akanishika mkono, akanimenyea chungwa. Jamani, nilimkumbuka bibi yangu wa Tanga, machozi yakanilengalenga.