Umerudi Unguja: tumbo lianze na nini?

Aliyekaa Ulaya miaka mingi hushuka Unguja na orodha kichwani: urojo, pweza, juisi ya miwa, madafu. Akivimaliza vyote siku ya kwanza, huenda siku ya tatu asitoke chooni, na lawama zikaiangukia pilipili. Pilipili mara nyingi huwasha tu. Kinachoharisha mara nyingi ni bakteria, hasa aina fulani za E. coli ambazo mwili uliokaa mbali umeshazisahau. Hapo mzaliwa wa Michenzani na mtalii wako karibu sawa.

Anza na urojo, maana ni salama kuliko unavyodhaniwa, ukijua pa kuangalia. Mchuzi wake wa unga, manjano na ukwaju au embe mbichi ukiwa unatokota jikoni, hauna neno. Bajia na kachori zilizotoka kwenye mafuta sasa hivi, sawa. Tatizo ni chatini ya nazi. Nazi mbichi iliyokunwa huchacha upesi kwenye joto letu, na bakuli la chatini pengine limekaa mezani tangu mchana. Ukiona maji yamejitenga juu au harufu imekuwa kali, mwambie muuzaji, "Nitilie bila chatini." Ndimu usiitegemee, ladha inaongeza, lakini haiui vijidudu kiasi cha kuaminika.

Forodhani nenda mapema, baada tu ya Magharibi. Mishikaki mingi pale huwa imeshapikwa, ikifika zamu yako inapashwa tu. Omba irudishwe makaani mpaka ndani iwe moto kabisa, kisha ukate kipande kimoja uone. Kwa pweza, supu inayochemka ni bora kuliko vipande vilivyopangwa kwenye sinia, na bakuli la pilipili ambalo kila mtu anachovya kijiti chake liache.

Juisi ya miwa yenyewe hukamuliwa mbele yako, lakini angalia barafu. Bonge lililofungwa kwenye gunia na kupasuliwa chini halijulikani limetoka maji gani, basi omba bila barafu. Dafu ndilo kinywaji cha kuanzia: likatwe ukiona, unywe kutoka ndani yake, wala usikubali likamiminwa kwenye jagi. Ukitaka nyama laini ya kukomba, sema mapema, usije ukapewa koroma. Kahawa ya barazani nayo ni moto wa kutosha. Ila vikombe husuuzwa kwenye ndoo moja jioni nzima, kwa hiyo wahi maji yakiwa bado safi.

Nyumbani ndiko wengi wanakoponzwa, kwa sababu huko hakuna anayeuliza. Wali uliolala kwenye sufuria bila friji unaweza kuwa na sumu ya bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kutapika huanza ndani ya saa 1 hadi 6. Maziwa yachemshwe, hata kama yametoka kwa jirani. Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika 1, yapoe yakiwa yamefunikwa. Shangazi akikusukumia kachumbari, kumkatalia ni kazi. Omba mkate wa kumimina na chai, atafurahi vilevile. Kachumbari ianze wiki ya pili, na hata hapo iwe ya nyumbani, iliyooshwa kwa maji safi.

Ukiharisha, koroga pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita 1 ya maji safi. Ikikosekana, changanya kwenye lita hiyohiyo vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Kunywa kidogo kidogo. Dawa ya kufunga tumbo usiiguse kama kuna damu au homa. Hapo nenda hospitali, na uwaambie umetoka nje ya nchi, wakupime na malaria.