Saa ya tonikei ni ya nani?

Siku ya kwanza kufundishwa tonikei, ule mkanda wa hewa unaobana mkono au mguu damu isipite wakati wa upasuaji, sista inchaji wetu hakunipa kitabu. Alinifunga mkanda kwenye mkono wa kushoto, akajaza hewa mpaka presha 250, akasema, "Kaa hapo. Ukichoka sema." Dakika ya pili vidole vilishapauka kama mshumaa. Ya tano ganzi inapanda, na mkono unauma kwa ndani, yale maumivu usiyoweza kuyaonyesha kwa kidole. Kumi sikufika. Aliponifungulia damu ilirudi kwa kasi, mkono ukaiva wekundu, wenzangu wanacheka. "Wewe umesema," akaniambia. "Mgonjwa wako amelala, au amechomwa ganzi ya mgongo. Atasema nini?"

Sasa nina miaka kumi na moja thieta, chumba cha upasuaji, ya mifupa huku Kanda ya Ziwa, na wengi tunaowapokea ni wa bodaboda, muundi umevunjika au kifundo kimesagika. Mkanda unafungwa pajani, mguu unanyanyuliwa damu ishuke, hewa inajazwa, daktari anafanya kazi pakavu. Kabla ya hapo nauliza mambo mawili. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Huku kwetu swali hilo huliruki. Na dawa ya kuzuia maambukizi imeshaingia? Ukiichoma hewa ikiwa imeshajaa, itazunguka mwili mzima isipokuwa mguu unaoupasua.

Kwenye presha ndipo tunapogombana. Wengi wanajaza kwa mazoea, mkono 250, mguu 300, awe mzee mnene au kijana mwembamba. Mimi naweka dopla, kifaa cha kusikilizia damu ikipita, kwenye mshipa wa mguuni, najaza taratibu hadi mlio ukatike, kisha naongeza: 40 kama umekatika chini ya 130, 60 kama ni hadi 190, 80 ukizidi hapo. Kijana mwembamba mara nyingi hata hafiki 300. Mkanda mpana nao unataka presha ndogo kuliko mwembamba, kwa hiyo msivute tu ulio karibu. Harvey Cushing wa Marekani alileta mkanda wa hewa mwaka 1904 kwa sababu ule wa mpira ulikuwa unaacha watu na mikono iliyopooza. Tukijaza bila kupima, tunamrudisha mgonjwa kulekule.

Lakini kosa langu mwenyewe halikuwa la presha. Lilikuwa la spiriti. Nilikuwa nasafisha mguu wa kijana mmoja, mwenzangu kaunyanyua juu, mimi napaka kwa haraka na kwa wingi. Dawa ikateremka nyuma ya paja, ikaingia kwenye pamba iliyo chini ya mkanda. Hakuna aliyeona. Tulipofungua baada ya upasuaji, nyuma ya paja kulikuwa na utepe mwekundu wenye malengelenge, umekaa vilevile pamba ilivyokaa. Mfupa ulinyooka vizuri. Kidonda cha paja ndicho kilichomweka wodini. Nilikwenda kumweleza mwenyewe na mama yake. Mama aliuliza, "Kwani mguu si ulivunjika chini?" Tangu siku hiyo, kabla sijagusa spiriti, nabandika plastiki kuzunguka ukingo wa chini wa mkanda, na pamba ikilowa naibadilisha hata daktari akinuna.

Saa nayo. Mashine zetu nyingine hazipigi kengele, kwa hiyo naandika kwenye ubao mweupe muda hewa ilipojaa, kwa herufi kubwa, na natangaza kwa sauti. Natangaza kwa dakika. Nikisema "saa moja na nusu" kuna mtu ataangalia dirishani kama giza limeingia.

Jumanne tulikuwa na daktari mgeni, mkono mzuri sana, ila hapendi kuzungumzishwa. Dakika sitini nikatangaza, kimya. Tisini, kimya. Mia na kumi nikasogea karibu.

"Dokta, zimebaki kumi kufika mia na ishirini."

"Skrubu mbili tu, kaka."

Skrubu mbili nazijua, huwa zinazaa. Nikamgeukia mtu wa usingizi nikamwambia ajiandae, kwa sababu damu iliyolala mguuni saa mbili ikirudi, presha ya mgonjwa hushuka. Akaongeza dripu, akaniitikia kwa kichwa. Ilipofika mia na ishirini nikatangaza, nikafungua hewa. Daktari akaomba gozi, akakandamiza, akanitazama juu ya barakoa. Tukasubiri dakika kumi na tano, sote tumesimama, mguu unarudi rangi yake.

Zilikuwa skrubu nne.