Siku ya Kuupumzisha Mwili kwa Chumvi ya Uvinza, Mafuta ya Mise na Ndoo ya Maji

Maelekezo mengi ya kutengeneza vitu vya kuogea nyumbani huandikwa kwa ajili ya mtu mwenye bafu la kulala ndani yake, ambaye hulijaza maji ya moto, akamimina humo chumvi na mafuta ya kunukia, kisha akajinyoosha kwa nusu saa. Nyumba nyingi za hapa Kigoma, kuanzia Bangwe hadi Ujiji, hazina chombo hicho. Sisi huoga kwa ndoo na kata, na ninaamini kwamba siku ya kuupumzisha mwili inaweza kujengwa juu ya ndoo na kata bila kupoteza chochote. Anayeoga kwa kata huuhudumia mwili wake kiungo kwa kiungo, kwa mkono wake mwenyewe, na kila anachokitengeneza hugusa ngozi kikiwa na nguvu yake yote badala ya kuyeyukia katika lita mia moja za maji. Kwa hiyo, anachohitaji ni kidogo, na karibu vyote vinapatikana sokoni Mwanga au kwa jirani.

Kabla ya kutaja kitu kimoja kimoja, kuna kanuni ambayo ningependa kila anayeanza kazi hii aishike, kwa sababu ndiyo inayotenganisha kitu salama na kitu cha kudhuru ngozi. Chochote kilichochanganywa na maji, iwe ni maji ya bomba, maziwa, juisi ya tunda au majani mabichi yaliyopondwa, kitengenezwe siku hiyohiyo na kitumiwe siku hiyohiyo, kwa kuwa bakteria na ukungu huota ndani yake hata kabla harufu haijabadilika. Kilichotengenezwa kwa mafuta, nta, chumvi na majani yaliyokauka kabisa kinaweza kukaa miezi kadhaa katika chupa ya kioo iliyofunikwa vizuri, mradi hakuna mkono mbichi unaoingia humo. Viwanda huweka dawa za kuhifadhi katika losheni zake kwa sababu hiyo hasa. Nyumbani hatuna dawa hizo, kwa hiyo kinga yetu ni ukavu na usafi.

Nianze na mafuta, kwa maana hapo mkoa wetu una utajiri ambao watu wengi huutazama kama kitu cha jikoni tu. Tunda la mchikichi hutoa mafuta ya aina mbili. Nyama yake ya nje hutoa mawese, ambayo wekundu wake unatokana na karotini, na kokwa yake ya ndani hutoa mafuta ya mise. Kwa ngozi, mimi huchagua mise. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, kama ilivyo katika mafuta ya nazi, kwa hiyo maelekezo ya vitu vya kujipaka yanayotaja mafuta ya nazi yanaweza kufuatwa kwa mafuta ya mise bila kubadili vipimo. Mawese hayana ubaya kwa ngozi, lakini huacha rangi ya machungwa katika taulo, shuka na kanga, na rangi hiyo haitoki kwa urahisi.

Ukienda kununua, jieleze vizuri. Mama mmoja anayeuza mafuta huniuliza kila mara, "Mwanangu, unataka ya kula au ya kujipaka?" Nikimjibu, "Ya kujipaka, mama," husogeza kando chupa yenye mafuta meusi na kuniambia, "Basi chukua haya meupe, yale yatakunukisha moshi mpaka kesho." Anasema kweli. Mise zikikaangwa sana kabla ya kukamuliwa, mafuta yake huwa meusi na yenye harufu kali, ambayo hakuna mchaichai wala karafuu inayoweza kuishinda. Tena usishtuke ukiyakuta yameganda asubuhi na kuyeyuka mchana. Mafuta ya mise huanza kulainika kwenye nyuzijoto ishirini na kitu, na hali ya hewa ya mji wetu, ulioko takriban mita 775 juu ya usawa wa bahari, hupanda na kushuka hapohapo.

Sasa chumvi. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, karibu na mahali Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, zimetumiwa na binadamu kwa zaidi ya miaka elfu moja, na wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua hapo mabaki ya vyungu na mafiga ya wachemshaji wa zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyopita kati ya Tabora na Ujiji ilibeba chumvi hiyo kwenda mbali. Ninapenda kuitumia kwa sababu ni yetu, na kwa sababu chembe zake ambazo hazijasagwa sana zinaweza kupondwa katika kinu hadi kufikia ulaini ninaoutaka. Chembe kubwa huchubua ngozi, kwa hiyo iponde mpaka ilingane na sukari, kisha uichekeche.

Kwa vikombe viwili vya chumvi hiyo weka mafuta ya mise yaliyoyeyuka, ukianzia na nusu kikombe na kuongeza kidogokidogo, ukikoroga kwa mwiko mkavu hadi mchanganyiko ushikamane kama mchanga wa ufukweni uliolowa. Kikombe kimoja kizima ndicho kikomo, na zaidi ya hapo mafuta huelea juu. Mimi huongeza mchaichai uliokaushwa kivulini na kusagwa, kijiko kimoja cha chakula, na nyakati nyingine punje chache za iliki zilizotwangwa. Huna haja ya mafuta ya kunukia ya dukani. Ukiwa nayo, matone machache yanatosha kwa kopo zima, kwa kuwa mafuta hayo ni makali na hayapaswi kugusa ngozi bila kuchanganywa.

Chumvi hii ni ya mikono, miguu, magoti, viwiko na mgongo. Usiitumie usoni, usiitumie siku uliyonyoa, na usiitumie penye kidonda au mkwaruzo, kwani itawasha vibaya. Kwa uso, weka sukari laini mahali pa chumvi. Watu huniuliza kama chumvi ya Uvinza ni sawa na chumvi ya Epsom inayotajwa sana mtandaoni. Si sawa. Ile ya Epsom, iliyopewa jina la mji wa Uingereza, ni magnesiamu salfeti, na baadhi ya maduka ya dawa huiuza kama dawa ya kuharisha. Inasifiwa kwamba hupenya ngozini na kulegeza misuli, lakini ushahidi wa kupenya huko ni dhaifu. Kinacholegeza misuli kwa hakika ni maji ya vuguvugu na muda wa kutulia, na hivyo havinunuliwi dukani.

Maji yenyewe yanastahili neno. Maji ya Ziwa Tanganyika yana asili ya magadi, kipimo chake cha pH kikikaribia 9, wakati ngozi yenye afya hukaa karibu na 5, yaani upande wa uchachu, kwa kuwa 7 ndiyo katikati. Ukichanganya na sabuni, ambayo nayo ni ya upande huohuo wa magadi, utaelewa kwa nini ngozi hukaza baada ya kuoga, hasa kuanzia Juni hadi Agosti ambapo mvua hakuna na vumbi ni jingi. Ndiyo maana ninasisitiza mafuta yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu, mara tu baada ya kujifuta kidogo, ili yafungie maji yaliyomo. Ukisubiri hadi ukauke kabisa, utakuwa unayapaka mafuta juu ya ukavu.

Kwa kupaka, tengeneza mafuta mazito ya nta. Asali na nta nzuri hutufikia kutoka Tabora, kwenye misitu ya miombo ya Sikonge na kwingineko, na ukimfahamu mrina asali au mtu anayesafiri kwa treni ya reli ya kati, mwagize akuletee nta iliyochujwa. Pima gramu 20 za nta kwa gramu 100 za mafuta ya mise. Viweke katika bakuli la kioo au kopo la bati, uliketishe ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu juu ya jiko la mkaa, na usiweke mafuta moja kwa moja motoni. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, kwa hiyo moto mkubwa hauhitajiki. Ikishayeyuka yote, epua, koroga, mimina katika vikopo vikavu na uache vipoe bila kufunikwa, kwa sababu mvuke ukinaswa chini ya kifuniko hugeuka matone ya maji. Mchanganyiko huu ndio ninaoutegemea kwa magaga. Paka visigino usiku, vaa soksi, ulale.

Usoni, asali ya Tabora peke yake inatosha. Osha uso, paka utando mwembamba, kaa dakika kumi na tano, kisha uoshe kwa maji ya vuguvugu. Asali huvuta unyevu na kuushikilia, na kwa asili yake ina uchachu kidogo unaopatana na ngozi. Wenye kupenda liwa, yaani unga wa mti wa kunukia, kama ilivyo desturi ya mama zetu wa Ujiji waliorithi mambo ya pwani, waichanganye na maji ya waridi katika kisahani, wapake na kuosha kabla haijakauka hadi kupasuka. Hata hivyo, kitu kipya kijaribiwe kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, na uangalie kwa siku nzima, kwa maana wapo ambao asali au unga wa mti huwasha ngozi zao. Na tafadhali, achaneni na juisi ya ndimu. Maelekezo mengi huitaja kwa ajili ya kung'arisha uso, lakini ndimu ina kemikali ambazo zikipigwa na jua zikiwa juu ya ngozi huunguza, zikaleta malengelenge na alama nyeusi zinazokaa kwa wiki nyingi, na jua la Kigoma halina huruma.

Kuhusu miguu sina mengi. Beseni, maji ya vuguvugu, konzi ya chumvi, mchaichai uliochemshwa na kuchujwa, na dakika ishirini za kukaa kimya. Mwenye kisukari apimiwe maji kwa mkono wa mtu mwingine au kwa kiwiko, kwa kuwa miguu yake inaweza kuungua bila yeye kuhisi. Wanaopenda kupiga nyungu kwa majani ya mkaratusi wafanye hivyo kwa starehe ya harufu, sufuria ikiwa imara sakafuni na watoto wakiwa mbali.

Nimeombwa mara nyingi nifundishe sabuni pia, na jibu langu ni kwamba sabuni isiwe kazi ya siku ya kupumzika. Sabuni ya mawese na mise inatengenezwa vizuri sana hapa kwetu, lakini inahitaji kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na macho. Kostiki hupimwa kwa mizani wala si kwa kukadiria, humiminwa ndani ya maji wala maji hayamiminwi juu yake, na haiwekwi kamwe katika sufuria ya alumini, yaani sufuria za kawaida za nyumbani kwetu, kwa sababu huila alumini hiyo na kutoa gesi inayoshika moto. Baada ya hapo kipande kinatakiwa kukaa wiki nne hadi sita kikikauka. Nunua kipande kilichokomaa kutoka kwa akina mama wanaoijua kazi hiyo, nawe ubaki na kazi ya kujipumzisha.

Utaratibu wa siku yenyewe ninaupendekeza hivi. Vitu vya mafuta na nta vitengenezwe siku iliyotangulia, ili siku ya mapumziko usishinde jikoni. Asubuhi chemsha mchaichai. Anza na miguu katika beseni huku asali ikiwa usoni, kisha ingia bafuni na dodoki, ujimwagie kata chache za maji ya moto kiasi, usugue mwili kwa chumvi kwa mizunguko myepesi kutoka nyayo kwenda juu, na ujisuuze. Sabuni ipite kwapani na penye haja tu, kwani ukiipaka mwili mzima utaondoa mafuta yote uliyoyahangaikia. Jifute kidogo, paka mafuta ya nta, jifunge kanga.

Sakafu ya bafu itakuwa na utelezi, kwa hiyo imwagie maji ya moto yenye sabuni na uisugue kwa fagio kabla ya mtu mwingine kuingia, hasa kama nyumbani kuna bibi au mjamzito. Chumvi iliyobaki katika bakuli ulilokuwa ukichovya mkono mbichi itupwe. Ile iliyobaki katika kopo kuu, ambayo haikuguswa na maji, ifunikwe, iandikwe tarehe na maneno "ya kuogea", na iwekwe chumbani badala ya kabati la jikoni, ili asije mtu akaiunga kwenye mboga.