Kukaa meza moja na wanahisabati

Sisi wa kemia tumezoea kuuliza kompyuta imetoa jibu gani. Wenzetu wa hisabati huanza na swali jingine: kwa nini jibu hilo liaminike? Tangu nianze kushirikiana nao kuigiza mwendo wa molekuli kwenye kompyuta, swali hilo haliniachi.

Chukua suala la muda. Atomu hutetemeka kwa kasi mno, kwa hiyo programu huzisogeza kwa hatua za femtosekunde 1 au 2, yaani sehemu ya milioni moja ya bilioni ya sekunde. Kuna protini zinazohitaji milisekunde nzima kujikunja. Hapo ni hatua karibu trilioni 1, na kila hatua ina kosa lake dogo! Mbona nishati ya jumla, inayopaswa kubaki ileile, haipotei njia?

Wanafizikia waliitumia mbinu ya Verlet, ya mwaka 1967, ya kukokotoa mahali pa kila atomu hatua kwa hatua, kwa sababu waliiona inafanya kazi. Hisabati ndiyo iliyokuja kueleza sababu: mbinu hiyo hulinda umbo la kijiometri la milinganyo ya mwendo, na huhifadhi karibu kikamilifu nishati ya mfumo ulio jirani sana na ule halisi. Kosa la nishati hupanda na kushuka, halirundikani. Nilipoelezwa hoja hiyo ubaoni nilifurahi kweli kweli.

Nao wanatuhitaji. Mlinganyo peke yake hauwaambii ni mwendo upi wa protini una maana kwa anayetafuta dawa. Sasa tunabishana namna ya kuvuka vizuizi vya nishati, vinavyochelewesha molekuli kubadili umbo, bila kungoja milele, na ubishi huo naupenda sana.