Maswali Ndani ya Boksi la Chaki

Mwaka wa 2014 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana ya kutwa, karibu na Barabara ya Jogoo jijini Nairobi. Dalili za malaria na homa ya matumbo tulizijua kwa moyo. Lakini mwenzetu akilia bila sababu tunayoiona, jibu letu lilikuwa moja: "Huyo ni wa Mathari." Hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanza kutibu watu tangu 1910, sisi tuliijua kama tusi.

Jirani yangu wa dawati, aliyekuwa hodari wa Hesabu, alikuwa amenyamaza tangu muhula wa pili uanze. Alilaza kichwa dawatini hadi saa ya chakula, na githeri yake akampa yeyote aliyeitaka. Mwalimu mmoja alimwita mvivu akampigisha magoti nje. Wengine walisema amerogwa. Uvumi wa mimba ndio uliosambaa upesi zaidi.

Ijumaa moja alasiri mwalimu wa Biolojia, ambaye pia alishika ushauri nasaha, aliingia na boksi tupu la chaki. Akatugawia vipande vya karatasi tuandike swali lolote kuhusu mambo ya akili, bila jina. Asiye na swali aandike hata tarehe, mradi kila kalamu itembee na isijulikane nani ameuliza nini. Mpaka leo naiheshimu busara hiyo.

"Kichaa kinaambukiza?" Tulicheka. "Nikiomba sana itaisha?" Vicheko vikapungua. Akasema: omba, na hospitali uende, wenye kisukari huomba na bado wanadunga insulini. Akatueleza kwamba, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya miaka 14. Wengi wetu tulikuwa na 16.

Kisha akafungua nyingine: "Mtu akijaribu kujiua akaokolewa, ni kweli anafungwa?"

Hakukwepa. Alisema ndiyo, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ni kosa, na hofu hiyo huwafanya watu wafiche hata mbele ya daktari. (Mahakama Kuu ilikuja kukitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Nilifurahi mno.) "Lakini mimi si polisi," akasema. "Na ukiwa na wasiwasi na mwenzako, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani."

Jioni, tukielekea steji, nilimuuliza jirani yangu kwa maneno hayohayo. Alisimama.

"Kila siku," akasema. "Lile swali lilikuwa langu."

Nilimshika mkono tukageuza. Mwalimu alikuwa bado anasahihisha vitabu. Alimsikiliza kwanza, ndipo akampigia mamake, aliyefika mbio kutoka soko la Burma, aprini bado kiunoni.

"Mwalimu, mimi nilidhani ni mambo ya ujana tu."

"Mama Njeri, hata mimi ningedhani hivyo kama nisingesomea."

Jumatatu wakaenda kliniki pamoja. Aliporudi darasani alikuwa na dawa, na tarehe za kuonana na mshauri. Hakuficha. Kabla wiki haijaisha, wasichana wawili wa kidato cha pili walimfuata kwenye mfereji wa maji kumuuliza kliniki hiyo iko wapi, na kama lazima uende na mzazi.