Mtoto asiyesumbua

"Huyu hanisumbui kabisa, Mama. Ningepata kumi kama yeye ningepumzika."

Mwalimu wa binti yangu Kadogo aliniambia hivyo siku ya wazazi, akitabasamu. Nikasema, "Lakini mwalimu, hamalizi kazi." Akafungua daftari, akaona hesabu zimeishia katikati ya ukurasa. "Ni mzito kidogo tu. Atafunguka." Kisha akaita mzazi anayefuata.

Mzito! Mtoto aliyenieleza jinsi omena wanavyoanikwa pale ufuoni Dunga, mwanzo mpaka mwisho, bila kuvuta pumzi!

Baba yao amehamishiwa Kitale, mvua imeingia jikoni, na bado ninachowaza ni "hanisumbui". Namjibu mwalimu nikiosha vyombo. Namjibu kwenye matatu ya Kondele, na huko majibu yangu ni makali mno, hata wakili angeyanunua.

Kaka yake ndiye wa kupanda madirisha. Shule ilituita kila mara hadi tukampeleka hospitali, na jibu likawa ADHD, hali ya ubongo inayofanya kutulia au kuweka mawazo pamoja kuwe kugumu. Daktari alitueleza kwamba kuna wasiotulia, kuna ambao mawazo huwatoroka wakiwa wamekaa kimya, na kuna wenye yote mawili. Wasichana wengi wenye ADHD wako kwenye hilo kundi la kimya, ndiyo maana hupitwa bila kutambuliwa. Alisema si sukari wala malezi mabaya, na kwamba mara nyingi hurithiwa. (Mama mkwe alimtazama mwanawe, akanyamaza.) Dalili lazima ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi 6, tena zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni. Sasa shuleni nani ataziona, ikiwa anayetazamwa ni yule anayerusha viti?

Ila lile darasa limejaa watoto hadi mlangoni. Hata mimi ningemshukuru Mungu kwa mmoja aliyenyamaza.

Jana usiku nilimtuma Kadogo chumvi. Akapotea. Ugali ukaiva, mboga ikapoa. Akatokea na redio ya baba yake, ile iliyokufa tangu Krismasi: "Mama, sasa inashika!" Na kweli ilikuwa inashika. Tulikula mboga bila chumvi huku tukisikiliza taarabu, nikacheka hadi machozi. Wiki ijayo nampeleka apimwe macho na masikio kwanza, halafu tuone.